Miaka Miwili Kwenye Gamba la Injinia

Jumapili, mwezi wa kumi. Saa kumi na mbili kasoro, jioni.

Kihonda, hapa Morogoro, leo kuna joto la kukera. Milima ya Uluguru imejifunika wingu tangu asubuhi, na inaonekana kabisa kwamba mvua inawanyeshea wenzetu wa juu, ila huku chini hatujapata hata tone. Nimekaa jikoni, mlango nimeuegesha, naandika kwa simu. Mama yuko chumbani kwake. Nasikia sanduku likifunguliwa na kufungwa.

Injinia amekufa jana asubuhi.

Kwa mliofika hapa leo kwa mara ya kwanza, Injinia ni kobe. Najua inavyosikika. Mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, muuzaji wa duka la dawa anayeheshimika mtaani, anamlilia kobe mtandaoni. Chekeni, mkimaliza tuendelee. Ila simlilii kobe peke yake. Nalia kwa sababu nilijua kinachomwumiza tangu miezi mitatu iliyopita, nikamficha Mama, na Mama ndiye aliyekuwa anamlea.

Aliyemleta ni Baba. Alikuwa dereva wa lori, anapeleka ndizi za Matombo Dar es Salaam. Siku moja, miaka saba iliyopita, karibu na Mikese, alisimamisha lori kukipisha kitu kidogo kinachovuka barabara, hakikuzidi kifuniko cha chupa ya chai. Akakitia kwenye mfuko wa shati. Alipofika nyumbani Matombo akamwambia Mama, nimekuletea injinia, njia nzima anachimba mfuko wangu. Jina likabaki hilo.

Kule Matombo hakuna aliyemtunza. Namaanisha hivyo hivyo nilivyoandika. Alijilia majani yake chini ya migomba, akaota jua anapotaka, mvua ikimpiga akajikunja ndani. Nikienda likizo namkuta kaongezeka kidogo tu, gamba gumu, limenyooka kama bakuli lililopinduliwa. Mama wakati huo alikuwa na shamba, ana mume, ana kwaya. Kobe hakuwa na nafasi kubwa kichwani mwake.

Halafu Baba akafariki. Mwezi wa Novemba unaokuja itatimia miaka miwili. Mimi ni mtoto wao pekee, na sikuweza kumwacha Mama peke yake kule juu, kwa hiyo baada ya msiba nikamleta kwangu. Alikuja na sanduku moja, begi moja, na Injinia ndani ya ndoo.

Uani kwangu nilikuwa nimeshapiga sakafu ya saruji kwa sababu ya tope. Mama alipokuja nikamwita fundi, tukaezeka mabati uani kote, asije akakaa juani. Nilijiona binti mwema sana siku ile. Nilipiga picha, nikaiweka humu humu kwenye blogu. Mliandika pongezi.

Miezi ya kwanza Mama hakuwa Mama ninayemjua. Alikaa kwenye kigoda chake, uso ukutani, kutwa nzima. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba kama mtu anayejibu akiwa chumba cha pili. Chakula anakigusa anakiacha. Mimi natoka kazini jioni, naingiza ufunguo mlangoni, na sijui nitamkuta vipi. Sijawahi kuliandika hili. Niliogopa nyumba yangu mwenyewe.

Aliyemwinua ni Injinia.

Sijui ilianza siku gani. Nakumbuka asubuhi moja nimetoka bafuni nikasikia Mama anaongea Kiluguru uani, nikadhani kuna mgeni. Alikuwa ameshaoga, amekaa anajipaka mafuta ya nazi miguuni, na yaliyobaki kiganjani anampaka Injinia mgongoni. Polepole, kipande kwa kipande, hadi gamba linang'aa. Akaniona nimesimama.

"Mtoto wa watu asishinde kapauka," akasema.

Mliolelewa na mama wa nchi hii hamhitaji maelezo. Mtoto kupauka ni aibu ya ukoo mzima. Nilicheka, na yeye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza namwona anacheka tangu tumzike Baba, na nilirudi chumbani nikalia kwa furaha.

Basi ikawa ratiba. Mafuta kila asubuhi, kisha uji. Siyo uji wa kubabaisha. Uji wa lishe wa Mama una mahindi, ulezi, soya, karanga, na dagaa waliosagwa. Mimi mwenyewe nimekuzwa kwa uji huo na mnaonijua kwa sura mnaona nilivyo na mifupa. Saa nne anapata ndizi mbivu, jioni uji tena. Mama akaanza kula vizuri, kwa sababu hapiki uji wa kobe peke yake, na yeye anajimiminia kikombe. Akaanza kwenda misa ya kwanza bila kusukumwa. Akapata mashoga jumuiyani.

Na Injinia akakua. Alikua kwa kasi ambayo Matombo hakuwa nayo. Gamba likaanza kunyanyuka, kila kipande na kichuguu chake, na katikati ya kichuguu na kichuguu mfereji. Mama akawa anamnyanyua kuwaonyesha wageni, kisha ananyoosha kidole kule milimani. "Mnaona? Kafanana na kwao." Mimi nikawa natabasamu na wageni. Nilimpenda kobe yule kwa ajili ya vichuguu vyake.

Mwezi wa saba, ule upepo wa baridi unaposhuka toka milimani, nilikuwa namsogeza ili nideki uani. Dole gumba langu likazama. Nilikuwa nimemshika ukingoni, sehemu ya nyuma, na gamba likabonyea chini ya dole kama ganda la chungwa lililokaa siku nyingi. Nilimrudisha chini taratibu. Nilijifanya naendelea kudeki.

Siku ya pili nikamwambia Mama naenda naye kazini, wateja wanataka kumwona. Huo ndio uongo wa kwanza, na ulitoka kirahisi mno.

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, msichana mdogo kuliko mimi, mpole. Kwanza aliniuliza kibali cha maliasili cha kufuga mnyama pori. Nikaangalia chini. Akaguna, akasema tutaliongea, tumtibu kwanza mgonjwa. Akamgeuza geuza, akambonyeza kingo zote, akamfungua mdomo. Kisha akachukua kalamu na kuniita nisogee karibu.

Alinionyesha kwamba kila kipande cha gamba kina mistari, mmoja nje ya mwingine, kwa sababu kobe anapokua anaongeza ukingo mpya. Katikati, mistari ilikuwa imebanana na imetulia. Hiyo ni miaka ya mwanzo, akasema, huyu alikua vizuri tu. Halafu akaiweka ncha ya kalamu mahali ambapo mistari inapanuka ghafla, inajikunja kwenda chini, na rangi yake imefifia. Mahali hapo palikuwa kwenye kila kipande.

"Hapa maisha yake yalibadilika, dada. Ilikuwa lini?"

Nilijua ilikuwa lini. Ilikuwa ni mwezi tuliomaliza msiba. Miaka mitano ya Matombo ilikuwa katikati ya kila kipande, imenyooka. Kuanzia hapo hadi ukingoni ilikuwa nyumba yangu.

Akanieleza yote kwa utulivu. Gamba ni mfupa, lina uhai, limeshikana na uti wa mgongo. Bila jua la nje, jua lenyewe la kumpiga mgongoni, mwili hauwezi kutumia chokaa, ile kalsiamu ya mifupa, hata ukimpa kilo nzima, na mfupa unakuwa laini. Majani na nyasi ndicho chakula chake. Uji, dagaa na karanga vinamkuza haraka kuliko mifupa inavyoweza kufuata, na vinazichosha figo. Ndizi ni peremende tu. Mafuta hayamfai hata kidogo. Yanashika vumbi, uchafu unakaa kwenye mifereji, ukungu unaota, na pale alipokwangua kwa kucha kweli kulikuwa na kijani. Anahitaji maji ya kujiloweka, jua, nyasi, na unga wa maganda ya mayai.

Wakati nafunika beseni nililombebea akaniambia, "Anayemlisha mwambie leo leo. Yeye ndiye dawa."

Nataka muelewe mimi nafanya kazi gani. Kutwa nzima nawaambia watu nisiowajua mambo magumu kuliko hayo. Mzee wangu, hii sigara iache. Dada, dawa hii utaimeza maisha yako yote. Nawaambia huku nawaangalia machoni, nawaandikia kwenye pakiti, asubuhi moja jioni moja. Nasifiwa kwa kusema bila kuzunguka.

Nilifika nyumbani, Mama ananisubiri mlangoni, uji umeshapoozwa. Akampokea Injinia kwa mikono miwili. "Wateja wamempenda?"

Nikasema wamempenda sana.

Nilijiambia nitamwambia Jumapili. Kisha nikajiambia mafua yake yapone kwanza. Kisha nikajiambia baada ya misa ya kumwombea Baba. Wakati huo huo nikaanza tiba yangu ya wizi. Nilisaga vidonge vya chokaa pale dukani, nikavileta nyumbani kwenye karatasi, nikawa namnyunyizia Injinia kwenye uji Mama akigeuka. Jumapili Mama akienda misa, namfuta mafuta kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, namtia kwenye beseni, namvusha mpaka kiwanja cha jirani ambacho hakijajengwa. Namweka kwenye nyasi. Alikuwa ananyoosha shingo jua likimpiga, macho anafumba, na baadaye anaanza kung'ata majani kwa pupa. Kabla misa haijaisha namrudisha.

Jumatatu Mama akimkuta hana mng'aro, anampaka mara mbili.

Jumapili kumi na mbili. Nilizihesabu jana. Jua la misa moja kwa wiki.

Mwezi uliopita akaanza kuburuza miguu ya nyuma, na mdomo ukawa haufungi sawasawa. Mama akamkalisha mapajani, akawa anamlisha kwa kijiko cha chai. Akaona anadhoofu, akaongeza karanga. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe changu cha chai nikimwangalia mama yangu anamwongezea karanga. Nilikunywa chai yote. Nikaenda kazini.

Hiyo ndiyo siku ninayoirudia kichwani. Siyo ya kwa daktari, wala ya jana.

Jana asubuhi Mama alimkuta ameshapoa. Hakupiga kelele. Aliniita jina mara moja tu, nikajua. Alimwosha, akamfuta, na kabla ya kumfunga kwenye kipande cha khanga akamimina mafuta kiganjani akampaka mgongo mzima, bila haraka, kama kila siku. Nilichimba shimo kule kule kwenye kiwanja cha jirani, maana uani kwangu ni saruji tupu.

Tukiwa tunarudi akaniuliza nini kimemwua. Nikasema uzee.

"Kobe wa miaka saba ana uzee gani, Koleta?"

Nikasema labda ni ugonjwa.

Leo baada ya misa wakaja akina mama watatu wa jumuiya kumpa pole. Mmoja alikuja zaidi kumshangaa mtu anayemlilia kobe, nilimwona anaziba kicheko kwa ncha ya khanga, sikumlaumu. Mimi nilikuwa jikoni namenya maembe ya wageni. Nikamsikia Mama anawaambia:

"Marehemu aliniachia kiumbe kimoja tu, na nimeshindwa. Tangu jana nakaa nawaza nimemkosea wapi. Nasema labda ule uji wa Alhamisi ulikuwa wa moto. Au labda maji. Jamani, nilimpa kila nilichompa mwanangu."

Mama yangu alikuwa anapekua siku zake zote, moja moja, kutafuta kosa, na jibu nilikuwa nimelikalia mimi jikoni kwangu na maembe.

Wageni walipoondoka nikaenda kukaa sakafuni karibu na kigoda chake. Sikuandaa maneno. Nilimwambia yote, kuanzia dole gumba. Daktari, kalamu, mistari, uji, mafuta, jua. Mabati niliyoezeka mimi. Vidonge. Beseni. Jumapili zote. Nilikuwa nalia na pua inatiririka kama mtoto, na sikuweza kumwangalia.

Alitazama viganja vyake.

"Tangu mwezi wa saba?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mwezi uliopita, namlisha kwa kijiko, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nikaanza kujitetea. Nikasema nilimwonea huruma, nikasema niliona kobe ndiye aliyemrudisha, niliogopa kumnyang'anya. Akanyanyua mkono nikanyamaza.

"Koleta, mimi baba yako nimemshika mkono mpaka umepoa. Ningeshindwa kuacha kumpaka kobe mafuta?"

Swali hilo nimelibeba tangu saa tisa. Angeweza. Angenuna siku mbili, angeniuliza huyo daktari kasomea wapi, na siku ya tatu angekuwa kule kiwanjani na mwavuli wake na kigoda, anamchungia Injinia kwenye nyasi, anawasimulia wapita njia habari za mifupa na jua. Ningekuwa nimempa kazi mpya. Injinia angekuwa hai, au angekufa Mama akijua kwa nini.

Kusema kweli sikuwa namlinda yeye. Niliogopa kurudi kwenye ile miezi ya kwanza, ya ufunguo mlangoni na mtu anayetazama ukuta. Nilitaka Mama anayecheka asubuhi, basi, na gharama yake akaibeba kiumbe asiyeweza hata kulia.

Kisha akaniuliza jambo lililonivunja kabisa. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, bila ukali.

"Na mimi, kwenye uji wangu, huwa unaniwekea nini?"

Nikamwapia siweki kitu. Na ni kweli, haki ya Mungu, sijawahi. Akasema sawa. Nawajua wateja wanaosema sawa namna ile, wanachukua dawa na hawaimezi.

"Kuna kingine unanificha?"

Nikasema hakuna.

Akainuka, akajikung'uta khanga. "Basi kesho nirudishe Matombo. Kule nikikosea, shangazi yako ananiambia mbele za watu, tunagombana, yanaisha."

Saa kumi na moja nilipompelekea kikombe cha uji alinishukuru, akakiweka dirishani, na nilipopita tena kilikuwa pale pale, kimeganda juu.

Sasa hivi amemaliza sanduku, naona. Kimya. Nimekaa hapa naorodhesha sababu za kumwambia asiende. Barabara ya Matombo ni mbovu. Nyumba ya kule imefungwa karibu miaka miwili, ina vumbi na popo. Kliniki yake ya presha ni Alhamisi. Zote ni sababu nzuri, angezisikiliza, na pengine angebaki wiki moja zaidi kwa heshima. Na hakuna hata moja ambayo ndiyo yenyewe.

Kesho nitaomba ruhusa kazini, na akitaka kwenda nitampeleka mwenyewe hadi mlangoni, nifagie, niwashe moto, nimpigie shangazi magoti. Hilo nimeshaamua. Ila kuna la leo, kabla giza halijaingia.

Aliniuliza kama kuna kingine ninachomficha, nikajibu hakuna. Nimedanganya tena. Kipo. Namhitaji kuliko anavyonihitaji, na sitaki aende. Naweka simu chini, nakwenda kubisha mlango wake.